Masega ya Ajuza

Mdogo wangu hakusomea ufundi popote, lakini mtaa mzima unamwita Injinia, naye anaitika. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipofanikiwa kubadilisha balbu ya taa ya nyuma ya lori bila kumwita mtu. Tangu hapo hutembea na bisibisi mfukoni, kama vile wakati wowote kuna ndege itaanguka mtaani kwetu na atahitajika haraka.

Lori lenyewe ni la Mama. Tunaliita Ajuza, maana lilikuja kwetu likiwa limeshazeeka. Mama ni dobi. Anafua mashuka ya hospitali ya wazazi, yale makubwa ya akina mama wanaojifungua na yale madogo ya kuwafunikia vichanga. Mimi napiga pasi, Injinia anaendesha, na kila kazi nyingine iliyobaki anaifanya Mama.

Watu wanadhani kufua mashuka meupe ni kazi rahisi. Nguo ya rangi itakusitiri uvivu wako, lakini shuka jeupe linakuumbua mbele za watu. Na harufu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu pamba inanyonya kila kinachopita karibu nayo. Siku moja jirani alikaanga vitunguu upande unaotokea upepo, Mama akaanua kamba nzima akafua upya, huku akisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta kwamba mtoto hajazaliwa ili aanze dunia ananukia jiko la mtu.

Ndiyo maana siku ya kununua lori aliyakataa yote yenye nguvu na sura nzuri, akamchukua Ajuza. Ajuza alikuwa na kila kitu chake cha kuzaliwa nacho, likiwemo lile dude la mviringo katikati ya bomba la moshi, linalonasa uchafu wa moshi na kuuunguza kabla haujatoka nje. Mama analiita chujio, kwa sababu anajua vyujio na ameona kazi ni ile ile. Gereji wanaliita masega, kwa sababu ukilichungulia ndani lina vitundu vitundu kama nyumba ya nyuki. Ni kitu kimoja kwa majina mawili, na kwa muda mrefu hilo halikumdhuru mtu.

Gereji ninayoisema ni ya Fundi Toa. Kila fundi ana dawa yake, na dawa ya huyu ni kutoa. Injini ikichemka, anatoa thamostati. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, anatoa balbu ya hiyo taa, kisha anakwambia gari limepona. Nyuma ya gereji yake kuna lundo la vitu alivyovitoa katika magari ya watu, na naamini kabisa lile lundo lingeungwa lingetoka gari zima kuliko yote aliyoyatengeneza. Ukimwuliza mbona waliolitengeneza waliviweka, ana jibu moja.

"Hivyo ni vya nchi za baridi, dada."

Niliwahi kumwuliza kama mkanda wa kiti nao ni wa nchi za baridi. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kuhusu vioo vya pembeni. Akafikiri kidogo, akasema hivyo inategemea.

Huyo ndiye mwalimu wa mdogo wangu. Kila jioni Injinia alirudi nyumbani na somo jipya, na somo lilikuwa lile lile.

"Mama, lori halipumui," anaanza kabla hajanawa. "Limekabwa koo na yale masega. Wenzangu wote wameshatoa. Wananipita mlimani wananipungia mkono."

"Na wewe wapungie," anasema Mama.

"Linakula mafuta, Mama. Halina nguvu."

"Nguvu unataka ya kwenda wapi? Hospitali imehama?"

"Lakini Mama..."

"Chujio la lori langu lisiguswe. Mashuka hayana haraka."

Injinia akawa hafui dafu kwa Mama, akahamia kwangu. Akanieleza mambo ya mgandamizo wa hewa kwa mikono miwili, akiikunja na kuikunjua. Nilipomwomba arudie kwa mkono mmoja ili kwa ule mwingine anishikie ncha ya shuka, akaondoka amenuna.

Haki ya Mungu niseme kwamba pale gereji Mama alikuwa na mtetezi mmoja. Yupo mzee anayeshinda pale, dereva mstaafu, na kwa kweli hilo ndilo jina lake siku hizi, Mstaafu. Mstaafu alishikilia kwamba masega yabaki. Sababu yake ni kwamba yanaongeza uzito chini, hivyo lori halirushwirushwi kwenye matuta. Ukiwa na wakili wa namna hiyo, bora ukiri kosa mapema.

Basi, Injinia akategua kifundo cha mguu. Aliruka kutoka juu ya bodi ya lori, kwa madaha, mbele ya wauguzi waliokuwa wanatoka zamu, akatua vibaya. Wiki zote alizokaa ndani, mzigo ukawa unapelekwa na mkokoteni, na Ajuza akakaa kimya bandani. Mguu ulipopona, Mama akasafiri kwenda kumwuguza dada yake, akatuachia maagizo ya kutosha jeshi. Alipofika huko akakumbuka jambo moja zaidi, akapiga simu. Maneno yake, kama alivyokuja kuyarudia baadaye mbele ya kila aliyetaka kusikiliza, yalikuwa haya: "Humo kwenye ekzosi ya lori mna masega, nimesahau kukwambia. Yatoe kabla hujaliwasha. Ila taratibu, usije ukaumia."

Mimi nilikuwa kwenye pasi, nikasikia upande wa Injinia tu.

"Masega? Niyatoe? Una hakika, Mama?" Kisha sauti ikamlegea. "Mungu akuweke, Mama. Akuweke miaka mingi."

Alikata simu akaruka juu kwa ule ule mguu uliotoka kupona. Nikamwambia hebu mpigie tena nimsikie mwenyewe. Tukapiga, simu haikupatikana. Injinia akasema mtandao wa huko ni mbovu, na kwamba mtu mzima akishaamua si heshima kumhoji hoji. Heshima! Mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anabishana naye mdomo wazi huku anatafuna.

Nikaongozana naye hadi gereji, maana moyo wangu haukutulia. Ajuza aliwaka kwa taabu, akawa anajikokota njia nzima, anakohoa, hana pumzi hata ya kupanda kijilima ambacho watoto hupanda wakiwa na baiskeli. Injinia hata hakukasirika. Kila Ajuza alipokohoa alinigeukia meno nje.

"Unasikia, Dada? Ushahidi huo."

Fundi Toa alipopewa habari alivua kofia. Alikuwa amelingoja lile dude kama watu wanavyongoja mtoto amalize shule. Akaingia chini ya lori na mashine ya kukatia, cheche zikaruka, na muda si muda akatoka nalo mikononi. Akaliweka juu ya benchi, akachukua nyundo na patasi, akaanza kuyabomoa yale masega. Yalitoka vipande vipande, ya kijivu, mepesi, na alikuwa akivikanyaga kila vilipoanguka. Mstaafu alikaa pembeni akisema kwamba sasa ngoja muone kwenye matuta.

Lilipobaki ganda tupu, Fundi Toa akalirudisha mahali pake na kulichomelea vizuri.

"La nini tena?" nikamwuliza.

"Mkaguzi akichungulia aone umbo," akasema. "Wakaguzi wanapenda umbo."

Injinia akapanda, akawasha. Ajuza akakohoa, akakohoa tena, akatetemeka mwili mzima, kisha nyuma kwenye mdomo wa ekzosi pakatokea mlio kama mtu kapasua mfuko wa karatasi. Kitu cha ukubwa wa ngumi kikaruka, kikatua miguuni pa Mstaafu. Na nyuma ya kitu hicho wakatoka wenyewe.

Walikuwa nyigu, na hasira waliyokuwa nayo sijapata kuiona kwa mtu yeyote mwenye nyumba aliyetolewa vyombo nje. Fundi Toa, ambaye hushika nyaya za umeme huku anapiga soga, alikimbilia chooni akajifungia. Mstaafu aliumwa sikio na kutaja mambo ambayo mzee hapaswi kuyajua. Injinia alipandisha vioo vya lori akabaki ndani anatutazama. Mimi nilijifunika mtandio nikalala chini ya benchi, nikasubiri waondoke.

Palipotulia nikakiokota kile kitu. Kilikuwa kimesagika upande mmoja, lakini vitundu vyake vilionekana wazi. Masega ya nyigu. Walijenga humo ndani ya bomba wakati Ajuza amekaa kimya, Mama akawaona. Na lile dude la moshi, tangu siku ya kwanza, Mama hajawahi kuliita masega. Hata mara moja.

Nikamwendea Injinia, nikagonga kioo.

"Mdogo wangu, Mama alikuwa anasema haya."

Akakitazama nilichoshika. Akatazama vile vipande vya kijivu vilivyosagwa chini ya benchi. Niliuona ukweli ukiingia usoni mwake, na nikamwona akiutoa nje kama Fundi Toa anavyotoa thamostati. Akakanyaga mafuta. Ajuza akanguruma hadi mabati ya gereji yakaitikia.

"Sikia, Dada! Linapumua!"

"Si linapumua kwa sababu bomba limezibuka? Lilikuwa na nyigu kooni!"

Fundi Toa akatoka chooni, jicho moja limevimba limefumba, lile lingine linang'aa kwa ushindi.

"Mimi nilisema tangu zamani," akatangaza.

"Na hawa nyigu je, fundi?"

"Nyigu wameletwa na masega, dada. Ukishaweka masega, unategemea aje kukaa nani?"

Wakashikana mikono. Hakuna aliyenisikiliza tena, hata Mstaafu, ambaye angalau alipaswa kuwa upande wangu, lakini alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi siku hiyo.

Tukarudi nyumbani tukapakia mzigo. Niliyafunga mashuka kwa nailoni, nikafunika turubai, nikafanya nilichoweza. Lakini turubai la Ajuza lina upenyo nyuma, na lori likienda linavuta hewa ya nyuma yake lenyewe. Zamani hilo halikutusumbua. Siku hiyo tulikwenda tukivuta wingu letu wenyewe, na Injinia akawapita wale waliokuwa wakimpungia mkono, akawapungia. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, na nilitamani kumzaba kofi.

Mpokeaji wa mashuka pale hospitali ni sista mmoja wa stoo. Huyu hahesabu kwanza. Kwanza anafungua bunda lolote, anachukua shuka dogo la kichanga, anaweka puani na kufumba macho. Kwa Mama hufumba macho kwa raha. Safari hii aliyafumbua haraka.

"Haya yamefuliwa na nani?"

"Na Mama," nikasema.

"Mama yupi?"

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kushika pasi. Injinia akajitia kunisaidia.

"Sista, hiyo ni hewa tu ya mjini."

"Shika," sista akamwambia, akimpa lile shuka dogo. "Mfunike nalo mwanao."

"Sina mtoto, Sista."

"Ukimpata, njoo unieleze habari za hewa."

Mzigo wote ukarudishwa. Akaniambia, si kwa ukali, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwamba Mama aje mwenyewe, na kwamba wapo madobi wengine wanaoitaka kazi hii na wameshabisha hodi.

Mama alirudi kesho yake. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanusa shuka moja, akalikunja, akanusa la pili. Injinia alisimama mbele yake akijikosha.

"Mama, si ulisema mwenyewe? Ulisema yatoe masega."

"Nilisema."

"Umeona, Dada? Amesema!"

"Mwanangu," Mama akasema, "tangu nimelinunua hili lori, umewahi kunisikia naliita chujio langu masega?"

Injinia akatazama chini, akatafuta jibu, na Mungu ni shahidi wangu alilipata.

"Nilidhani umeanza kuelewa mambo ya magari."

Mama akanitazama mimi. Nikaangalia pembeni, kwa sababu nilikuwa nataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Tulikwenda kwa Fundi Toa kuuliza kama chujio linaweza kurudishwa. Akatuonyesha vumbi la kijivu alilolifagia kwenye kona. Akasema, kwa ukarimu, kwamba anaweza kujaza lile ganda kwa steli waya ya kusugulia masufuria, watu wengi wamefanya na hawajalalamika. Mama akamshukuru kwa adabu kubwa sana. Fundi hakujua kwamba ametukanwa.

Kutoka hapo Mama akaenda hospitali. Niliingia naye. Mama alipomweleza habari za moshi, Sista akauliza ni nani aliyelitoa lile chujio, na mimi nikafungua mdomo nimtaje mtu, kwa jina lake la kuzaliwa na lile la kujipa. Mama akanitangulia.

"Aliyesema masega yatolewe ni mimi, Sista."

Mwanamke aliyejijengea jina miaka yote hiyo akalibeba kosa la mtu mwingine mbele ya kaunta, huku wauguzi wakipita na kumsalimia. Nilimchukia mdogo wangu siku ile. Sista akafikiri, akasema atapokea tena, mara hii ya mwisho, ila lile lori lisionekane kwenye geti la hospitali.

Tukafua mzigo mzima upya. Jioni yake Mama akamwita Injinia, akampa funguo za Ajuza na kadi ya umiliki.

"Chukua. Lori ni lako."

Injinia akapiga magoti. Kweli, alipiga magoti kwenye maji ya sabuni. Alishika miguu ya Mama, akasema alijua tu siku moja atamwelewa, akatoka mbio kwenda kuwatangazia wenzake kwamba Mama amekiri. Mimi nilisimama na pasi mkononi. Nilikuwa nimeshaelewa, na nikataka kumwita arudi, lakini nilikuwa bado nina hasira, nikamwacha akatangaze.

Asubuhi akaja na lori lake kuchukua mzigo, kama kawaida. Akalirudisha nyuma hadi karibu na kamba za kuanikia, akashuka akipiga mluzi. Akakuta kigari kingine kimesimama getini, kidogo, chenye milango ya nyuma inayofunga vizuri. Dereva wake, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi, alikuwa anapakia mabunda, na Mama alikuwa ameinama nyuma ya kigari hicho akiweka leso nyeupe kwenye mdomo wa bomba la moshi. Akaitazama leso, akaridhika.

"Mama, huyu nani?" Injinia akauliza.

"Dereva."

"Dereva wa nini?"

"Wa mashuka."

Mluzi ukamkauka mdomoni. "Na mimi je?"

"Wewe una lori lako," Mama akasema. "Si ulilitaka lenye nguvu? Limepata nguvu. Lakini haliwezi kubeba mashuka yangu, na wewe mwenyewe unajua."

Alijaribu kucheka. Alinitazama mimi nimsaidie kucheka. Nilikuwa na kejeli za kutosha nilizozihifadhi tangu gereji, nyingine nilizinoa usiku kucha, na hata moja haikutoka.

"Kwa hiyo mimi hapa ni nani?"

"Mwanangu," Mama akasema. "Chakula kipo. Njoo ule saa yoyote."

Injinia akapanda lori. Akawasha. Wingu jeusi likatoka, upepo ukalichukua, likaja moja kwa moja kwenye kamba zilizojaa mashuka madogo tuliyoyaanika alfajiri. Mama akapiga kelele, ya kwanza tangu yote haya yaanze. Tukakimbia wote wawili, tunaanua, vibanio vinaruka, mashuka yenye maji yanatulowesha kifua.

Ngurumo ikakatika. Nikageuka. Injinia alikuwa amezima. Alikuwa anatutazama kupitia kioo cha pembeni, mama yake na dada yake wanamkimbia na nguo za watoto mikononi. Akashuka, akazunguka nyuma ya Ajuza, akaweka bega, akaanza kusukuma. Lori halikutikisika. Akasukuma tena, uso umevimba mishipa, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafutia.

Nikaweka mashuka kwenye beseni, nikaenda nikaweka bega langu kando ya lake.

"Sukumeni mpaka barabarani," Mama akasema, bila kuacha kuanua. "Huko awashe."